Herufi Mbili Juu ya Mlango

9 Februari

Mwanangu,

Niwie radhi kwa kimya hiki kirefu. Barua yako ya mwisho niliiweka kwenye rafu ya gundi ili niijibu siku ile ile, na tangu hapo nimekuwa nikiiona kila ninapochukua gundi na kujiambia, kesho. Sina kisingizio. Mtu aliyewafundisha watoto wa wenzake kujibu barua kwa wakati hana haki ya kuwa nacho.

Sisi hatujambo. Baba yako bado anagombana na goti lake, na goti ndilo linaloshinda. Mama yako amehamisha kabati la vyombo kwa mara nyingine. Baba yako anasema siku hizi hubisha hodi nyumbani kwake mwenyewe, asije akawa ameingia kwa watu. Mdogo wako amepata kazi katika duka la dawa, na sasa anatutazama sisi sote kama wagonjwa. Anakusalimu.

Sasa neno lenyewe. Kamati ya ukumbi imeezeka paa upya na kupaka rangi kuta. Sina budi kuwashukuru, maana paa lile lilikuwa likivuja mpaka katika chumba changu cha nyuma, juu ya mbao zangu. Lililobaki ni ubao wa nakshi wa kuwekwa juu ya mlango mkubwa: majani pembeni, maneno katikati, vyote vimekatwa wazi ili taa za ndani zipenye na kusomeka nje. Kazi hiyo hakuna mwingine wa kuifanya hapa, kwa hiyo wakaniletea mimi.

Mwenyekiti unamjua. Ni yule tuliyemwita Tarumbeta kwa sababu hajanong'ona tangu azaliwe. Nilimfundisha sarufi, sasa ana mvi na gari, ila sauti ni ile ile. Alikuja na karatasi yenye maneno anayoyataka: KARIBUNI WOTE.

Nikamwambia, "Hapa pana kosa."

"Wapi, Mwalimu?"

"Neno la pili. Unaowaambia karibuni ni nyinyi. Nyinyi, nyote. Wote ni wao, walio kwingine. Mtu amesimama mlangoni pako, nawe unamzungumzia jirani yake!"

Akacheka mpaka vumbi la mbao likaruka mezani. "Mwalimu, kila mtu anasema karibuni wote. Redioni wanasema, harusini wanasema. Hata wewe ukiambiwa karibuni wote, utaingia."

"Nitaingia nikiwa nimeudhika."

"Ingia umeudhika, ilimradi umeingia!"

Alipokuwa akiondoka alisema kwamba chumba changu ni mali ya ukumbi, na kwamba wapo wengi wanaokitaka. Alilisema kwa upole, na kwa Tarumbeta upole ni jambo la kutisha.

Kwa hiyo mambo yamesimama hivi. Ama nikate neno lisilo sahihi na kubaki katika chumba alichofanyia kazi babu yako, ama nikatae na kukitoa. Ukumbi utafunguliwa mwezi wa sita. Sikuombi ushauri. Ninakuarifu.

Ni mimi, shangazi yako.


27 Februari

Shangazi yangu, shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikakaa nikaisoma tena, halafu nikacheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. "Nitaingia nikiwa nimeudhika." Hiyo ningeibandika mlangoni kwangu.

Mimi mzima. Chumba changu kinavuja kwenye pembe ile ile, nimeshakizoea, nimeweka sufuria. Nimekonda kidogo lakini usimwambie mama, atanitumia mablanketi, sijui kwa nini yeye dawa ya kukonda ni blanketi. Kazini kawaida.

Sasa Shangazi, umesema huombi ushauri, kwa hiyo huu si ushauri, ni maneno tu yamepita. Kata WOTE. Kata, ulipwe heshima yako, ubaki na chumba chako.

Ngoja, usiiweke barua chini. Hebu fikiria gitaa. Vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, freti, wewe unadhani kila kimoja kimewekwa pale ambapo sauti iko kamili? Hapana. Karibu kila freti imekosea kidogo, moja juu kidogo, moja chini kidogo, kwa makusudi, ili nyimbo zote ziweze kupigwa kwenye shingo moja. Ukiisogeza moja iwe sahihi kabisa kwa wimbo huu, wimbo ule unaharibika. Nina gitaa moja hapa chumbani ambalo ninalolitengeneza, kuna mtu alijaribu kulisahihisha hivyo. Nimelikalia masaa mengi. Kila noti ina haki yake, na likipigwa ni kama ndugu wanagombania shamba.

Watu wanavumiliana na "wote", Shangazi. Wanaingia, wanakaa, wanacheza. Nani amewahi kurudi nyumbani kwa sababu ya N na Y?

Nisalimie baba na goti lake.

Binti yako.


20 Machi

Mwanangu,

Barua yako imefika. Tumshukuru Mungu kwa uzima. Huku baba yako amenunua mkongojo kisha akaukataa; anasema ni wa wazee. Sasa ameuning'iniza sebuleni, na mama yako anautumia kufungia pazia.

Nianze na yaliyonikera. Hatuandiki "ambalo ninalolitengeneza". Ama "ambalo ninalitengeneza", ama "ninalolitengeneza". Hao wawili hawakai nyumba moja, nami nilikufundisha hivyo hujaota meno ya mbele. Tena saa ni saa, hata zikiwa nyingi. Hakuna "masaa".

La pili si kosa la sarufi. Barua zako zote huja na vumbi la chuma katika mikunjo, jeusi na laini, la freti zinazosuguliwa kwa tupa. Huwa naikung'uta karatasi kabla ya kuisoma. Hii ya sasa ilikuwa safi kama shuka la hospitali. Halafu unatengeneza gitaa chumbani, wakati una meza yako ya kazi kule duka la magitaa. Sikuulizi kitu. Nakuambia tu kwamba ninaona.

Kuhusu freti: nimelifikiria jambo lako kwa siku kadhaa, kwa kuwa lilikuwa zuri, nami sipendi kushindwa na jambo zuri kabla sijalizunguka. Jibu langu ni hili. Kosa la freti limepimwa. Aliyelipanga alijua sauti kamili iko wapi, kisha akaondoka hapo kwa makusudi, hatua ndogo, kwa faida ya sauti nyingine. Tarumbeta hakuondoka popote. Hajawahi kufika.

Juzi alikuja tena, pamoja na mtunza hazina wa kamati, yule mama mwenye miwani ya mnyororo. Mama huyo ni mtu wa amani. Alikaa kwenye kigoda, akashika kipande cha nakshi, akakisifu, kisha akasema, "Mwalimu, tunagombana kwa herufi mbili tu."

"Kama ni mbili tu," nikasema, "niachieni."

Akamtazama mwenzake. Tarumbeta akasema, "Mwalimu, huu ni mlango wa ukumbi, si mlango wa darasa. Lugha ni ya watu."

"Nami ni nani? Ni kabati?"

Mama wa hazina alicheka, akajifanya anakohoa. Tarumbeta hakucheka. Alisema kamati imekaa na imeamua, neno ni WOTE, na akaniuliza nitakata au sitakata.

Nilimwambia nitakata ubao. Hakuuliza neno gani, nami sikumwambia. Ameondoka akiwa na furaha yake.

Shangazi yako.


2 Mei

Shangazi, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Nilianza barua hii mara nyingi na kila nikianza nasikia sauti yako ikisema "Sikuulizi kitu", na hiyo Shangazi ni njia mbaya sana ya kumwuliza mtu.

Basi. Nimefukuzwa dukani. Ni tangu Januari.

Ilikuwa hivi. Mwenye duka alitoa amri kwamba kila gitaa linaloingia, freti zake zipigwe tupa, liwe linahitaji au halihitaji. Wewe unajua mbao, chuma nitakueleza. Nyuzi zikikaa miaka zinachimba vishimo kwenye freti pale mpigaji anapopenda kubonyeza. Vikiwa vikubwa, unazisugua zote zishuke mpaka usawa wa ile iliyochimbika zaidi. Ni dawa, lakini ni dawa inayokula mwili. Ukisugua mara chache freti imekwisha, unang'oa zote unaweka mpya. Kwa hiyo ukisugua gitaa lisilo na ugonjwa, unampa mwenyewe ugonjwa aje nao mwakani. Mwenye duka alilijua hilo vizuri, ndiyo ilikuwa hesabu yake.

Akaja mzee mmoja na gitaa lake, anapigia kwaya. Freti nzima kabisa, nyuzi tu zimezeeka. Nikambadilishia nyuzi nikampa. Mwenye duka akaniita mbele ya watu.

"Wewe ni fundi wangu au ni wakili wa magitaa?"

Nikasema, "Magitaa hayana wakili, bosi, ndiyo maana yanaonewa."

"Basi nenda kayafungulie ofisi."

Nikaenda. Miezi ile ya kwanza nilifanyia kazi kitandani, tupa nazikung'utia kwenye gazeti ili vumbi lisiingie kwenye shuka. Ndiyo maana barua ilikuwa safi. Sikutaka baba ajue, angeniambia nirudi nyumbani, na mama angetuma mablanketi. Sasa nimepata pa kukaa kwenye kibaraza cha mshonaji, uso kwa uso na duka lile lile. Namwona bosi kila asubuhi akifungua, na yeye ananiona. Nimeandika bango kwa mkono wangu: HAPA TUNATENGENEZA MAGITAA YOTE. Nimelikagua, Shangazi. Magitaa, yote. Yanaafikiana. Yule mzee wa kwaya ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja, na ameleta kwaya nzima nyuma yake.

Utasema, mbona mwenyewe umekataa na mimi unaniambia nikubali? Kwa sababu mimi nilichopoteza ni kiti na droo. Wewe utapoteza chumba cha babu. Na kuna jingine. Baba ameniambia kuhusu vidole vyako. Amesema mkono wa kulia unakufa ganzi, kwamba siku nyingine husikii ubao unapouzungusha. Shangazi, ukitoka humo, ni nani atakupa chumba kingine ukiwa hivyo?

Nimesema. Nikasirikie ukiisha kula.

Binti yako.


24 Juni

Mwanangu,

Nimekula. Sasa nakujibu.

Nyumbani wote wazima. Nimeandika "wote" kwa kuwa nawazungumzia watu wasiokuwapo hapa, ili uone kwamba neno hilo silichukii; nalitaka likae kwake. Baba yako nimemwambia kwamba mdomo wake unahitaji mkongojo kuliko goti. Vidole vyangu si mada. Mwandiko huu usikutishe, kalamu ni mbovu.

Ya duka nimeyasoma. Sitakusifu, maana utavimba kichwa na kibaraza ni kidogo. Ila nilipofika pale penye wakili wa magitaa nilisimama, nikaenda hadi dirishani, nikarudi.

Ubao nimeumaliza. Unajua kazi yake, lakini niache nikueleze, kwa kuwa sina mwingine wa kumweleza. Kila nafasi inayotakiwa kuwa wazi nilianza kuitoboa tundu kwa keekee. Nikafungua upande mmoja uzi wa msumeno, ule wenye meno katika mashine yangu ya kukanyaga, nikaupitisha tunduni, nikaufunga tena, kisha mguu ukakanyaga na mkono ukazungusha ubao. Jani linaanguka, unafungua, unahamia jani la pili. Herufi ngumu kuliko zote ni O. Ukiikata bila kufikiri, tumbo lake huanguka sakafuni na unabaki na shimo tu. Lazima uache vidaraja viwili vya mbao, juu na chini, vilishike. N na Y ni mistari mitupu. Zilikatika kana kwamba zilikuwa zinangoja.

Nilipeleka kwa kamati ubao unaosema KARIBUNI NYOTE.

Tarumbeta alisoma mara moja, akasoma tena, akaanza kupumua kwa kelele. Mama wa hazina akasema ni kazi nzuri, tuiache. Siku zilizobaki kabla ya ufunguzi zilikuwa chache na ubao mwingine haukuwepo. Ndipo mchora mabango, ambaye hakuulizwa, akasema, "Mwenyekiti, W ni herufi pana. Inafunika N na Y bila shida." Akachukua kipande cha plaiwudi, akakipaka rangi ya ubao, akaandika juu yake W nyeusi, akakipigilia misumari juu ya herufi zangu mbili. Ubao ukapandishwa mlangoni.

Jioni yake walijaribu taa. Watu walikuwa wamesimama nje kutazama. Taa zikawashwa ndani, mwanga ukapita katika majani, ukapita katika herufi nilizozikata, ila katika plaiwudi haukupita. Mlango mzima uling'aa ukisema: KARIBUNI OTE.

Mchukuzi mmoja akasoma kwa sauti, akauliza, "Ote ni nani? Ni mgeni rasmi?"

"Labda ndiye aliyetoa pesa za paa," mwenzake akajibu.

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi sikucheka. Mwanangu, kosa naweza kulivumilia barabarani, sokoni, hata katika barua zako. Lakini lile lilikuwa limepigiliwa kwa misumari katika ubao wangu, na mtaa mzima ungedhani ni mkono wangu.

Asubuhi ya ufunguzi nilichukua koleo na ngazi. Viti vilikuwa vinapangwa, bendi inafunga spika. Nilikuwa nimeng'oa msumari wa kwanza Tarumbeta alipotokea.

"Mwalimu, shuka!"

"Nikimaliza."

"Nasema shuka, utaanguka!"

"Nikianguka, niokoteni nyote. Umeona? Nyote. Hata kuokota kunahitaji sarufi."

Watu walikusanyika. Yule mchukuzi akanishikia ngazi bila kuulizwa, akaniambia kutoka chini, "Mama, mimi nimeingia humu miaka yote hii, hakuna aliyewahi kuniambia kama ni wote au nyote. Nilikuwa naingia tu."

"Sasa unaambiwa."

"Ndiyo maana nimeshika ngazi," akasema.

Msumari wa mwisho ulikuwa mgumu. Koleo lilinitoka mkononi, likaanguka, nikasikia watu wakivuta pumzi. Mchukuzi akanirudishia. Nikaing'oa ile W na kushuka nayo kwapani. Tarumbeta alikuwa amesimama chini, mbele ya wageni wake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alizungumza kwa sauti ya chini.

"Umenidhalilisha, Mwalimu."

Nikamwambia sikumdhalilisha yeye, nimetoa kipande cha plaiwudi.

Kesho yake nilipata uamuzi wa kamati. Nije mbele yao niombe radhi, na W irudishwe. Au nikitoe chumba mwisho wa Julai. W ninayo. Naitumia kuegeshea dirisha.

Shangazi yako.


8 Julai

Shangazi yangu wa ngazi, shikamoo.

Mshonaji amenisikia nikicheka akadhani nalia, akaja na maji. Nikamsomea. Sasa akimaliza nguo ya mteja anaitandaza na kuniuliza, "Hii imekaa sawa au ni ote?"

Lakini nilicheka mpaka pale koleo lilipoanguka. Hapo niliacha. Kalamu mbovu gani hiyo Shangazi, inayokosea kwenye herufi za kupinda tu, na ile iliyonyooka inaandika vizuri? Nimezitazama O zako. Hazifungi.

Nisikilize sasa, na usinisahihishe mpaka nimalize.

Niliyokuambia mwanzo nimeyafuta. Sikuambii tena ukate wala ukubali. Nilikuwa naogopa kwa niaba yako, na woga wa mtu mwingine ni kama kiatu cha mtu mwingine, hata kikikutosha kinakuumiza. Mimi hapa kila asubuhi namtazama bosi wangu wa zamani akifungua duka, na sijajuta. Kwa nini nikutakie wewe majuto ambayo mimi nimeyakataa?

Mshonaji anahama mwezi ujao, anamfuata mwanawe. Chumba chake, chenye kibaraza hiki, kinabaki. Mwenye nyumba ni mama mmoja mkali kama wewe, ila yeye husahihisha vitenzi tu, majina anaacha. Anataka jibu langu mwanzoni mwa Agosti. Peke yangu ni kikubwa mno. Kina dirisha pana upande wa barabara, kuna nafasi ya mashine yako na ya mbao zako, na sakafu ni ya saruji, haitatikisika ukikanyaga.

Na kuhusu lile jambo ambalo si mada. Mguu wako ni mzima. Macho ni mazima, nadhani unaweza kuona kosa kutoka mtaa wa pili. Basi wewe kanyaga, na mimi nizungushe ubao. Uniambie wapi nipinde na wapi nisimame. Najua utapiga kelele. Nitakosea, O zitaanguka sakafuni, tutaziokota. Mimi nimezoea vidole vyangu kupita pembeni mwa chuma.

Si kwamba huna pa kwenda, Shangazi. Usije kwa sababu hiyo, nitakurudisha na basi lile lile. Njoo kama unataka kukata herufi nyingine.

Binti yako.


27 Julai

Mwanangu,

Barua yako nimeipokea, na nimeisoma bila kalamu nyekundu. Usizoee.

Baba yako na mama yako hawajambo. Wamesikia kuhusu kibaraza, maana mambo ya ngazi yalifika kwao kwa njia ya mchukuzi, na mimi nikaona haki ya familia ni kugawana aibu, nikawaeleza na ya kwako. Mama yako amekwisha kufunga blanketi. Baba yako alisema, "Huyu amerithi kwenu." Nikamwuliza kwetu ni wapi kama si kwake.

Nina habari ambayo sikuitarajia, nawe utaifurahia kwa sababu mbaya. Watu wameanza kuuita ukumbi "Kwa Nyote". Wachukuzi ndio walioanza, kwa mzaha. Sasa mwenye mzigo anaelekezwa, "Shusha pale Kwa Nyote." Wanandoa wamechapisha kadi: ukumbi, Kwa Nyote. Tarumbeta amekuja mwenyewe, bila kamati, akakaa kwenye kigoda cha mama wa hazina.

"Mwalimu," akasema, "neno libaki. Watu wamelipenda."

"Halikubaki kwa sababu wamelipenda. Ni kwa sababu ni sahihi."

"Limebaki kwa sababu wamelipenda," akasema. "Nilikuambia lugha ni ya watu."

Niliinuka nikafagia vumbi lililokwisha kufagiwa, na yeye akaliona hilo. Niruhusu nisiliandike zaidi.

Kisha akanieleza shida yake. Neno litabaki, chumba kitabaki changu, W hairudi. Lakini kamati haiwezi kuonekana imeburutwa na mtu aliyepanda ngazi mbele ya wageni. Wanataka jambo moja tu: nisimame mkutanoni niseme kwamba nilikosea. Si kuhusu neno. Kuhusu kulitetea. "Sentensi moja, Mwalimu," akasema. "Umetufundisha sisi kuandika kurasa nzima."

Hakuwa mkali. Alionekana amechoka, na nilikumbuka kwamba ni yeye aliyenizibia paa. Nilimwambia kuwa kwa kupiga kelele nitaomba radhi, na kwa kumfanya abembeleze mbele ya bendi nitaomba radhi. Akasema hiyo haitoshi. Wanataka ile nyingine. Amenipa mpaka mkutano ujao.

Kwa hiyo sasa sina tena neno la kutetea. Limekwisha kushinda, liko juu ya mlango, linang'aa kila taa zikiwashwa. Kilichobaki ni mimi. Naweza kukaa humu hadi nizikwe, chini ya paa lisilovuja, kwa bei ya sentensi moja. Au naweza kuja kukanyaga mashine kwenye saruji yako, na kukufokea, na kutazama mikono isiyo yangu ikifanya kazi yangu. Usidhani hilo la pili ni jepesi kwangu. Uliandika kuhusu vidole kwa adabu, nami nakujibu kwa adabu: ndiyo.

Jana nilikaa mezani nikajaribu kuiandika hiyo sentensi yao, nione kama inaandikika. Nimeiandika kwa kila namna niliyowahi kuifundisha. Kitenzi kipo, kukosea. Yambwa, yaani mtendewa, ipo, wanakamati, tena wote kwa jumla, na hapo neno lao limekaa sawasawa. Kiima ndicho kisichopatikana. Kila nikiweka "mimi" pale mbele, sentensi nzima inakuwa ya mtu mwingine.

Mwambie mama mwenye nyumba asubiri mpaka mwanzoni mwa Agosti kama alivyosema, wala asikupunguzie hata siku moja. Nikishaamua, nitakuandikia.

Shangazi yako.